Wembe Uliolala Ukweni

Tata Tharcisse alikuwa amewanyoa wafiwa wa mtaa mzima wa Kapata, lakini tangu mkewe Huguette azikwe hakuna wembe uliogusa ndevu zake mwenyewe. Zilishuka hadi kifuani, nyeusi chini, nyeupe kandokando ya mdomo. Wateja walizitazama kwenye kioo wakinyamaza. Aliyekuwa mgeni alivutwa kando na kuelezwa kwa sauti ya chini. Ni Louis peke yake, mstaafu wa kampuni ya shaba aliyekaa nyumba ya pili kutoka pale, aliyethubutu kuzitania.

"Tharcisse, hizi ndevu zikikomaa tena kidogo, utakuwa prophète."

"Nabii wa wapi?"

"Wa Kapata. Tutakujengea kanisa, mi nitashika mali."

"Njo maana kanisa litaanguka."

Louis alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. Kisha akatema, akawa mpole. "Na bashemeki bako? Hawajasema siku?"

"Bado."

"Mungu akusaidie, ndugu yangu. Wewe unajua kunyoa. Kunyolewa ni kazi ingine."

Louis alijua alichokisema. Kwao Huguette, huko kaskazini walikotoka wazee wake kuja kutafuta kazi ya shaba, mume aliyefiwa hajinyoi. Hunyolewa na ndugu za mke, siku wanayoichagua wao. Wembe anaunoa yeye mfiwa kwa mikono yake, anaufunga katika kipande cha kitenge cha marehemu, anawakabidhi jioni ya mwisho. Wembe unalala kwao, na ukishalala kwao haurudi tena kwenye jiwe. Asubuhi anakalishwa kitini, mdomo umefungwa, mikono juu ya magoti, nao wanamnyoa kichwa na ndevu. Ngozi ikitoka safi, marehemu amemwachilia. Anarudi kula na watu na kucheka na watu, na hakuna atakayenong'ona nyuma yake. Ikitoka damu, marehemu amekataa. Hapo hakuna kesi wala shahidi. Kifo cha mwanamke kimeshampata mwenye hatia.

Tharcisse aliwahi kumwona mtu wa aina hiyo, jirani wa safu ya nyuma, fundi hodari wa mabomba. Alitoka damu nyuma ya sikio, tone tu. Kuanzia hapo hakuna aliyekunywa katika kikombe chake. Wakwe zake walipita mlangoni kwake wakitazama upande wa pili. Mwishowe alihamia Tenke na hakuna aliyemwuliza aliko.

Ndiyo sababu Tharcisse aliutunza ule wembe kama mtu anayetunza moto wakati wa mvua. Vijana waliokuja kwake aliwapitishia mashine ya umeme, na wazee aliwanyoa kwa wembe mwingine. Huu wa kukunja, wa chuma cha zamani, wenye mpini wa pembe uliopasuka na kufungwa uzi, aliurithi kwa baba yake aliyekuwa kinyozi wa kampuni, na alikuwa ameutenga kwa siku yake. Masika yale aliufungua kila alipokumbuka, akaufuta unyevu kwa pamba, akaupaka mafuta ya cherehani, kwa kuwa kutu haianzi pale unapoiona. Inaanza kwenye makali yenyewe, pale ambapo chuma ni chembamba kuliko jicho.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo hakuna aliyelijua ila yeye na Glodi.

Glodi alikuwa mdogo wake Huguette wa mwisho. Mama yao alipokufa, Huguette alimchukua akiwa bado anakojoa kitandani, akamlea pamoja na Jémima, binti yake mwenyewe. Alipokua, Tharcisse alimfundisha wembe. Alimfundisha kwanza kuunyoa mpira uliopakwa povu bila kuupasua, halafu kumnyoa Tharcisse mwenyewe, halafu wateja. Kijana alikuwa na mkono mzuri, mkono mwepesi usiosikika shingoni. Lakini vijana wa siku hizi wanaitwa na mashimo. Alipata pikipiki, akaanza kushinda kwenye karière, kule machimboni, pamoja na wachimbaji wenzake, na Tharcisse akabaki na kiti kitupu upande wa dirisha.

Siku Huguette alipozidiwa na presha, Tharcisse alikuwa ameitwa Fungurume kunyoa familia iliyofiwa. Kabla ya kuondoka alimwambia Glodi: kaa hapa na pikipiki, dada yako hakuamka vizuri, akisema kichwa kinauma usingoje, mpeleke hospitali. Glodi akakubali. Kufika adhuhuri wenzake wakampigia kwamba shimo lao limefika kwenye mawe mazuri, na asiyekuwepo hatagawiwa. Akapanda pikipiki, akaenda. Huguette alimpigia. Alijibu, "Nakuya sasa, Yaya," akimwita dada mkubwa kama siku zote. Alimpigia tena, naye akajibu vilevile. Majirani walimpakia mama yule kwenye baiskeli ya kubebea makaa wakamsukuma barabarani kati ya malori ya mawe, na roho ikamtoka kabla ya kufika lami.

Haya yote Tharcisse aliyasikia kutoka kinywani mwa Glodi mwenyewe, alfajiri baada ya maziko, nyuma ya choo. Kijana alikuwa ameishika miguu ya Tharcisse na kutapika kwa kulia.

"Tata, Mama Mianda akijua, atanilaani. Bote batanifukuza. Tata, mi nitaenda wapi?"

Tharcisse alikuwa na hasira ya kuua mtu. Alitazama kile kichwa kilichoinama, akaona kisogo alichokinyoa tangu utotoni, chenye kovu la pale alipoanguka juu ya jiko la Huguette. Akasema, "Nyamaza. Usimuambie mutu. Mi nitasema."

Na kweli alisema. Mama Mianda, shangazi yao Huguette na Glodi, mwanamke mkavu kama kuni aliyesimamia mambo ya ukoo ule, alipouliza mbele ya watu nani alikuwa na mgonjwa, Tharcisse alijibu: "Hakuna aliyejua anaumwa. Mi nilikuwa mbali."

Mama Mianda akamjibu palepale, wote wakisikia. "Uliacha muke mugonjwa, ukaenda kunyoa bichwa bya wengine."

"Ndiyo, Mama."

Hivyo kosa alilibeba yeye. Alipofikiri juu ya siku ya kunyolewa alijiambia kwamba Huguette, popote alipo, anajua nani aliondoka na pikipiki na nani alinyamaza, na kwa hiyo hatakuwa na neno juu yake.

Siku ikapangwa, Jumamosi baada ya mvua za mwisho. Mama Mianda alituma ujumbe kwamba mkono utakaonyoa ni wa Glodi, maana ndiye ndugu wa kiume na ndiye anayejua kazi. Tharcisse alipousikia alikaa kwenye kiti chake cha kazi akashusha pumzi. Mkono aliouumba mwenyewe. Angeweza kulala usingizi chini yake.

Ijumaa alifunga mlango mapema. Alilowesha kinoo cha manjano ndani ya beseni, jiwe laini kama sabuni iliyotumika, akakiweka juu ya kitambaa kisiteleze. Akalaza wembe bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kwa sababu anayeinua mgongo anatengeneza shoka. Akausukuma makali yakitangulia, kama anayebandua utando juu ya maziwa. Mwisho wa jiwe akaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, akaurudisha. Hakukandamiza. Mwanzo jiwe lilitoa sauti ya mchanga, baadaye ya karatasi, halafu likanyamaza, na maji juu yake yakawa ya kijivu. Akaendelea kidogo katika ule ukimya. Kisha akaukausha, akauhamishia kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa dirishani. Huko mwendo ni kinyume: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Kwenye mkanda kulikuwa na mikato ya zamani ya Glodi, ya wakati alipokuwa akisahau na kutanguliza makali. Tharcisse hakuwahi kutaka kuubadilisha.

Aliujaribu juu ya mkono wake. Nywele ziliruka kabla hajahisi kitu.

Glodi alifika jua likiwa linateremka. Alisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa na wengine.

"Jambo, Tata."

"Jambo, shemeki! Ingia. Leo mi njo client, wewe njo patron. Sema bei."

Glodi hakucheka. Alikuwa amekonda, na vumbi la karière lilikuwa limeingia kwenye mistari ya viganja vyake.

"Miezi yote hii sikuoni," Tharcisse akasema.

"Kazi, Tata. Kule kuko mambo mingi."

Tharcisse aliufunga wembe ndani ya kipande cha kitenge cha Huguette, kile cha kijani alichokipenda kwenda nacho kanisani, akaushika kifuani kidogo kabla ya kuutoa. "Unakumbuka? Kichwa, mashavu, shingo, yote ni kisigino, huku karibu na mpini, na katikati. Ncha ni ya nyuma ya masikio na chini ya pua, basi. Ncha haiendi kwenye shingo."

"Nakumbuka." Kijana aliugeuzageuza mzigo ule mdogo. "Tata, kesho, kisha kunyolewa, utaanza kusema tena na bantu bote?"

"Njo maana ya kunyolewa. Mutu anarudia mutu."

"Hata na Mama Mianda? Hata mambo ya ile siku?"

Tharcisse alidhani ni majuto yanayosema. Akaweka mkono begani kwake. "Ile siku ilizikwa na dada yako. Enda ulale."

Glodi akaenda. Alipofika barabarani alisimama, akatazama nyuma mara moja, kisha akawasha pikipiki.

Asubuhi ua ulijaa. Wanawake wa ukoo walikuwa wameleta munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika ndoo zenye vifuniko, na sufuria ya bukari, ugali wa mahindi, ilikuwa tayari jikoni, itakayoliwa mambo yakiisha vizuri. Jémima alikuwa amekuja kutoka Tenke na mtoto wake anayetambaa. Louis na majirani wengine walikaa ukutani, kofia magotini. Tharcisse alikaa katikati, shati limevuliwa, mdomo umefungwa. Mtoto wa Jémima alitambaa akaja kushika kidole chake cha mguu, na watu wakatabasamu.

Mama Mianda alifungua kitenge, akaukunjua wembe. Aling'oa unywele kichwani mwake, akauinua juu, akauteremsha juu ya makali, katikati ya wembe. Unywele ulikatika kwa uzito wake wenyewe.

"Aliunoa vizuri," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama heshima. "Glodi. Kuya."

Glodi alianza na kichwa. Tharcisse alifumba macho akasikiliza, maana kinyozi hujua wembe kwa sikio kabla ya ngozi. Ulikuwa unaimba. Ulikuwa unapita juu ya utosi kama upepo juu ya nyasi fupi, na nywele zikamwangukia mapajani. Kijana alitumia kisigino, akatumia katikati, kama alivyofundishwa. Ikaja zamu ya shavu la kwanza. Baridi ya asubuhi iligusa ngozi iliyokuwa imefichwa tangu maziko, na Tharcisse akahisi machozi yanamtafuta. Huguette, alisema moyoni, tunaachana vizuri.

Mkono ukamwinua kidevu. Akausikia wembe ukihama.

Ulikuwa umesogezwa mbele. Kilichogusa shingo yake sasa kilikuwa ncha.

Kwanza alidhani ni hofu ya kijana. Halafu ncha ikaanza kushuka, na haikuimba. Ilikwaruza, kama msumeno mdogo. Mdomo wake ulikuwa umefungwa na desturi, mikono yake iko magotini na desturi. Alifungua macho, akamtazama Glodi kwa chini. Glodi alikuwa akitazama shingo tu. Kisha kijana aliinua mgongo wa wembe, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu siku za mpira na povu, akakandamiza.

Joto lilishuka mpaka kwenye mfupa wa kifua.

"Damu," Glodi alisema. Yeye ndiye aliyesema wa kwanza.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Louis alisimama, akakaa tena. Jémima aliinama haraka akamnyakua mtoto wake miguuni mwa babu, akarudi nyuma naye, na alipogundua alichofanya akafunika uso kwa mkono. Lakini hakumrudisha mtoto.

"Huguette anakatala," Mama Mianda akasema polepole. "Mbele yetu bote. Toeni bukari ku moto."

Ndipo Tharcisse alipoelewa. Neno la mtu aliyetoka damu halina masikio ya kuingia. Siku yoyote ambayo angefungua mdomo juu ya pikipiki na karière, watu wangesema: huyo? Huyo aliyekataliwa na marehemu? Kijana hakuwa ametosheka na ahadi yake. Alikuwa ametafuta kitu kinachofunga zaidi ya ahadi, na alikipata katika mambo aliyofundishwa kwenye kiti hiki hiki.

"Mama," Tharcisse alisema. Kunyolewa kulikuwa kumekatishwa. Mdomo wake ulikuwa huru. "Nipe wembe."

"Mutu wa damu haombe kintu."

"Mi nilikuwa kinyozi mbele ya kuwa mufiwa. Wembe umenikata, acha niutazame. Kisha utanifukuza."

Mama Mianda alikuwa mkali lakini hakuwa mwonevu. Aliuchukua mkononi mwa Glodi, akampa.

Tharcisse aliufuta kwa kidole, akauinua juani, makali yakimwelekea. Makali mazuri hayaonekani; jicho halipati pa kushika. Ni makali mabovu yanayong'aa. Kutoka kisigino hadi katikati hakuona kitu. Kwenye ncha aliona vinukta vya mwanga vimepangana kama meno ya samaki mdogo. Alishawahi kuyaona meno hayo. Alimwonyesha Glodi mwenyewe, zamani, wembe wa kinyozi mmoja wa sokoni ulioharibiwa na mwenzake kwa wivu, na walicheka pamoja juu ya ubaya wa vinyozi.

"Huu wembe ulipitishwa ku mudomo ya chupa," alisema. "Ncha tu."

"Uongo!" Glodi alipaza sauti. "Yee mwenyewe aliunoa vibaya. Bote muko munajua, ni muzee, mikono inatetemeka. Aliua Yaya kwa kumuacha, sasa anatafuta mutu wa kubebesha!"

Tharcisse alimtazama kama anayetazama nyumba yake ikiungua kutoka upande wa pili wa mto. Mkato wa shingoni haukuwa umemuuma hivi.

"Mi nilijaribu na unywele wangu," Mama Mianda alisema, na uso wake ulikuwa umeanza kufikiri.

"Ulijaribu katikati, Mama. Banajaribu katikati siku zote. Mwenye kufundishwa kazi hii njo anajua." Akageuza kichwa. "Jémima. Leta jiwe na maji."

"Wembe haurudi ku jiwe!" Mama Mianda akasema.

"Ulisha kuguswa, Mama. Tangu ulipotoka kwangu, mukono ingine iliugusa. Ulilala kwa nani?"

Wote walijua ni kwa Glodi. Jémima alikuwa amesimama na mtoto kiunoni. Alimtazama mjomba wake, akamtazama baba yake. Kisha alimkabidhi mtoto kwa jirani akaingia ndani, akarudi na beseni.

Tharcisse alinoa pale pale, kinoo juu ya goti, damu ikiendelea kumkauka kifuani, nusu ya ndevu ikining'inia upande mmoja wa uso kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Hakuharakisha. Kuondoa meno ya ncha ilimlazimu kuunoa wembe wote, maana huwezi kunoa ncha peke yake bila kuupinda mstari. Watu walisikiliza mchanga, wakasikiliza karatasi. Malori yalipita barabarani. Mwanamke mmoja alikohoa, akaomba radhi kwa mkono. Jiwe lilipokaa kimya Tharcisse alinyosha wembe juu ya kiganja chake mwenyewe, mgongo mbele, huku na huku, kwa kuwa mkanda ulikuwa mbali. Akang'oa unywele kutoka kwenye ndevu zilizobaki, akauteremsha juu ya ncha. Ukakatika.

Alimpa Glodi wembe, mpini mbele.

"Malizia."

Glodi aliupokea bila kujua kwamba anaupokea.

Tharcisse aliinua kidevu. Shingo yake yote ikawa wazi, na ule mkato katikati. Alisema kwa sauti ndogo, iliyokusudiwa sikio moja: "Sikusema. Sitasema. Ulikuwa na haja gani?"

Mkono wa kijana ulipoteza njia. Mkono ule mwepesi. Wembe uligusa ngozi, ukaondoka, ukagusa tena, ukaondoka.

"Kusema nini?" Mama Mianda aliuliza. Masikio yake hayakuwa yamezeeka.

Tharcisse alimwachia Glodi swali lile, akangoja. Na katika kungoja kule, baada ya yote, alikuwa bado anatamani kijana ajibu, aanguke pale mbele ya watu, aseme neno moja, ili abaki kuwa wa kwao. Alikuwa tayari kumpokea. Hilo ndilo lililomtia aibu baadaye alipolikumbuka, kwamba alikuwa tayari.

Glodi aliuweka wembe juu ya beseni. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akapita kati ya wanawake wa ukoo wake, ambao walivuta miguu yao kumpisha, na baada ya muda mfupi pikipiki ilisikika ikiwaka.

Walikaa wakiisikiliza mpaka ikapotea upande wa barabara ya lami. Njia ile ile aliyosukumwa Huguette.

Mama Mianda aliinama akauokota wembe. Aliushika vibaya, kama kisu cha kumenyea muhogo.

"Mama, kunyoa si kazi yako," mtu akasema.

"Mi ni damu ya Huguette ao hapana?" Akamgeukia Tharcisse. "Kile mulichoficha, wewe na ule mutoto, nitakiuliza. Haiko leo. Leo tunanyoa."

"Mama, utanikata."

"Nitakukata."

Na alimkata kweli. Chini ya taya, karibu na sikio, mara mbili juu ya kile kifundo cha koo. Alinyoa akiwa amekunja midomo, akipumua kwa nguvu, na Jémima alisimama pembeni na kitambaa cha maji ya moto akifuta kila palipovuja. Damu ilitoka nyingi kuliko ile ya kwanza. Hakuna aliyepiga yowe. Hakuna aliyesema jina la marehemu. Alipomaliza, alimmwagia maji kichwani, akamwambia kwa sauti ya kuamuru, "Basi. Kula." Bukari ikarudishwa motoni.

Watu walikula, walikunywa munkoyo, wakamshika mkono mmoja mmoja. Louis alimwambia kwamba bila ndevu anafanana na kuku aliyenyonyolewa, na watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao kama inavyompasa mtu aliyeachiliwa. Lakini alipokuwa akicheka macho yake yalikuwa kwenye geti.

Glodi hakurudi jioni ile, wala miezi iliyofuata. Mama Mianda aliuliza swali lake kama alivyoahidi. Tharcisse alitazama chini, akasema, "Umuulize mwenyewe," na yule mama akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeshajibiwa.

Kiangazi kilipoingia, Louis alikaa kitini akapakwa povu. Alikuwa na habari, ilimwasha mdomoni.

"Mupwa wangu alitoka Kisenge. Anasema kule kuko kinyozi mupya, kijana, anashika rasoir sawa wewe. Bafiwa bote banamuita yeye. Anasema shingo haisikie kintu."

Tharcisse alikuwa akipitisha wembe kwenye mkanda. Aliendelea, huku na huku.

"Banamuuliza nani alimufundisha," Louis akasema.

"Anajibu nini?"

Louis alijuta kuanza. Alilitazama povu kwenye kioo. "Anasema hakuna mutu. Anasema alijifunza yeye mwenyewe tu."

Nje lori lilipunguza mwendo kwenye tuta, vyombo vikalia kidogo rafuni, likapita.

"Inua kidevu," Tharcisse alisema.

Louis akainua, akafumba macho. Alisubiri, shingo wazi, na wembe ulikawia kushuka.